Leo Mmepika Nini?

Mke wa Msimamizi alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi pale Misugusugu, kichwa kimezama kwenye boksi la nyaya. Nilimwamkia, akaitikia haraka, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Binti, wewe umefanya kazi na mzee wangu miaka yote hii. Njoo Kisarawe unitazamie. Wanangu wanasema baba yao hayumo tena. Mimi nasema yumo. Sasa nani wa kuamua?"

Nikashuka ngazi. Nilijua kwamba kiharusi kilimpata muda mfupi baada ya kustaafu, na kwamba mkono wa kulia umepooza. Nilikuwa pia nimesikia kwamba ameanza kuongea, nikashukuru Mungu. Kumbe maongezi hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi ndani ya nyumba. Kijana wao mkubwa alitaka safari za hospitali za mazoezi ya kuongea zikome, kwa sababu mzee anachoka, analia njiani, na anachokifanya ni kurudia tu maneno ya watu kama kasuku. Mama hakutaka zikome. Alitaka mtu wa kumwambia kama humo ndani kuna anayesikia.

"Mama, mimi si daktari," nilimwambia.

"Madaktari nimewaona, mwanangu. Huyu anasema tusubiri, yule anasema tumshukuru Mungu kwa hapo alipofika. Nataka mtu wa kazini kwake. Alikuwa ananiambia nyie mna namna ya kujua kama upande wa pili kuna mtu."

Namna hiyo ipo, na aliyetufundisha ni yeye mwenyewe. Nilimwahidi nitakwenda Ijumaa, halafu nikakaa chini pale pale kivulini mwa gari, bisibisi mkononi, nikashindwa kurudi kazini.

Tulimwita Msimamizi, na tuliendelea kumwita hivyo hata cheo kilipokwenda kwa mwingine, jambo ambalo huyo mwingine hakulipenda na sisi hatukujali. Kazi yetu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kama una kiwanda Zegereni na ghala lako liko Kisarawe, sisi tunakukodishia laini ya moja kwa moja kati ya hizo sehemu mbili. Ulichokiingiza huku kinatoka kule vile vile kilivyo, kana kwamba nyote mko chumba kimoja. Mteja hana habari na kilichopo katikati. Katikati ndipo tunapolia sisi: swichi za kugawia mawasiliano zilizoungua na radi, faiba, ule waya wa kioo unaopitisha mwanga, iliyopitiwa na jembe la tingatinga, nguzo iliyogongwa na lori la mchanga, na mtu wa ofisini kwetu aliyebadilisha kitu akasahau kusema.

Alikuwa mwembamba, kofia yake ya kufuma haitoki kichwani, shati limepigwa pasi, na viatu vya ngozi hata siku tunayozama kwenye tope la Ruvu. Kunyanyua sauti hakukuwa kwake, ila ulimi alikuwa nao. Neno lake kubwa lilikuwa "mbichi". Tukienda kula kwa mama lishe, anachukua punje moja ya maharage, anaiminya kwa vidole, anaitazama, kisha anatoa hukumu: mbichi. Mama lishe wa pale karibu na ofisi alifika mahali akawa anamwekea sufuria yake peke yake, ichemke mpaka yeye aridhike, na bado akaminya. Wali, ndizi, muhogo, vyote kwake vilihitaji moto zaidi. Ripoti nayo ukimpelekea kabla hujahakikisha, anaisoma kimya, anakurudishia, anasema vile vile. Mimi wiki yangu ya kwanza aliniangalia nikimkatisha mteja maneno, akaniambia, "Binti, wewe bado mbichi." Wallahi nilimchukia.

Mimi si mtu wa subira, sitaki kujisifu. Laini ikikatika nataka nifike, nifungue boksi, nichomoe, nichomeke, niondoke. Yeye akifika kwa mteja anaanza na mlinzi getini. Anamsalimia, anamuuliza ile homa ya juzi iliishia wapi. Anaingia ndani, anamsalimia anayefagia, anasalimia wa mapokezi, anakubali maji ya kunywa. Sisi huku simu zinaita, wakubwa wanafoka, mteja anatishia kuvunja mkataba. Anapomaliza maji yake anauliza swali lake la kwanza: "Mara ya mwisho mliongea vizuri na wenzenu lini, na kabla ya hapo kilitokea nini?" Halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli kweli, mpaka anayeulizwa anaanza kujikumbusha mwenyewe kwamba, aa, kuna mafundi wa umeme walikuja.

"Uliza, kisha nyamaza," ndivyo alivyotufundisha. Alisema hata laini yenyewe ukiipiga vipimo mfululizo bila kungoja unaijaza, na ikijaa inakosa nafasi ya kukujibu. Nilikuwa na tabia hiyo. Nikishikwa na wasiwasi natuma, natuma tena, nabadilisha, natuma. Alikuwa anauweka mkono wake juu ya wangu kwenye kibodi, bila neno, mpaka nitulie.

Jambo jingine alilolikataa ni kupimiwa laini kwa salamu. Kule Zegereni kuna kiwanda walilalamika kwamba mafaili hayafiki ghalani. Kijana wao wa kompyuta akasimama kidete kwamba njia ni nzima, maana alikuwa akituma kile kipimo kidogo cha kuuliza "upo?" na kila mara anajibiwa "nipo". Na mimi nikakubaliana naye, nikataka tuondoke. Msimamizi akasema, "Salamu inapita popote. Pitisha mzigo." Tukatuma kitu kikubwa, hakikufika. Swichi moja katikati ilikuwa imepangwa kukataa chochote kinachozidi ukubwa fulani, na ilikuwa inakitupa kimya kimya, haisemi. Tangu siku ile, mtu akiniambia "nzima tu, sijui wewe", huwa namuuliza la pili.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na makosa, tena ya kuudhi. Kwa wateja aliomba radhi upesi mno, mpaka inakuwa aibu. Kwetu sisi neno samahani lilikuwa halimtoki. Kuna mwenzetu mmoja mwenyeji wa Mlandizi, fundi wa nguzo. Siku moja ya mvua Msimamizi alimpandisha juu kutafuta ubovu, yule akasema haupo, akaambiwa arudie. Akarudia. Baadaye tukagundua kosa lilikuwa letu: laini ya mteja yule ilikuwa imebandikwa namba ya mteja mwingine kwenye swichi ya ofisini, na aliyeibandika ni Msimamizi. Alimwendea mteja, akavua kofia, akaomba msamaha. Fundi wa nguzo aliyelowa mpaka mifupani hakupata hata pole. Nilikasirika kwa niaba yake. Halafu baba wa yule fundi akafariki, tukaenda Mlandizi kuzika, na tuliokuja na gari la ofisi tukamkuta Msimamizi yumo kaburini na jembe, viatu vyake vya ngozi amevivua, amechimba tangu asubuhi na amekataa kupokewa. Yule fundi alisimama akamtazama, akaguna, akashuka kumsaidia. Hawakuongea. Mpaka leo sijui nikuelezeje, lakini baada ya hapo lile suala la mvua halikutajwa tena.

Kila mtu mpya alipoajiriwa, Msimamizi alimsimulia kisa kimoja. Alikisimulia amesimama, mikono nyuma, na hakukipamba.

Kuna kipimo tunakiita lupu. Mwenzako anakwenda upande wa pili, anachukua kipande kifupi cha waya, anaunganisha tundu la kupelekea na tundu la kupokelea kwenye kifaa chetu. Basi lolote unalolituma kutoka huku linafika kule, linageuka, linarudi kwako. Likirudi salama, ujue njia yote ni nzima. Ni kipimo kizuri mno, ila kina ubaya mmoja. Ukikisahau pale, laini inaonekana hai. Taa zinawaka kijani, kompyuta za ofisini zinasema hakuna tatizo, na kumbe kule hakuna anayekusikia, unajiongelesha mwenyewe.

Enzi hizo bado fundi wa kawaida, alikuwa anatengeneza laini ya kituo kimoja cha afya upande wa Kisarawe, waliyoitumia kupeleka picha za eksirei kwa madaktari upande wa Kibaha. Aliweka lupu upande wa madaktari, akapima, akaridhika. Hapo hapo simu ikaingia kwamba amefiwa na shangazi yake. Akakimbilia msibani, na lupu ikabaki. Kesho yake kituo kikapokea mtoto aliyevunjika mguu. Wakapiga picha, wakaituma, taa ya kijani, picha imeondoka. Wakangoja majibu. Hayakuja, wakadhani madaktari wana kazi nyingi, wakaona aibu kuwasumbua kwa simu. Madaktari nao kule walijua leo hakuna mgonjwa. Kila upande ukamstahi mwenzake, na mtoto amelala na mguu wake. Mpaka mtu alipopata ujasiri wa kupiga simu, walikuwa wamechelewa kuunyoosha ule mfupa inavyotakiwa.

"Yule mtoto sasa ni mtu mzima," Msimamizi alikuwa akimalizia. "Anauza ndizi sokoni Kisarawe, na anachechemea. Mimi ndiye niliyesahau."

Ndizi za nyumbani kwake alizinunua kwa huyo huyo. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia. Alisema alimwambia. Alichojibiwa hakukisema, na uso wake ulinizuia kuuliza zaidi.

Kutokana na kosa hilo ndipo alipobuni desturi yake. Laini ikishapona, mwanga umerudi, vipimo vyote vizuri, mteja anashangilia, Msimamizi bado hakubali. Anataka mtu wa upande wa pili aandike kwenye kompyuta yake, kupitia laini ile ile, jibu la swali moja: leo mmepika nini? Jibu likitokea kwenye kioo chetu, ndipo anafunga kazi. Lupu inakurudishia ulichokituma, basi. Haiwezi kukuambia kitu ambacho hukukijua. Wateja wapya walituona vichaa. Meneja mmoja wa Zegereni aliandika "Hili ni swali la kikazi?" na Msimamizi akafurahi, akasema huyo ni mtu, hakuna waya unaoweza kuudhika namna hiyo. Tukawa tunajua wali wa nazi unapikwa wapi na nani kala makande siku ya pili mfululizo.

"Kwa nini chakula?" nilimuuliza. "Kwa nini usiulize saa, au hali ya hewa?"

"Saa hata mashine inajua," alijibu. "Na hali ya hewa unaweza kuikisia."

"Na Ramadhani je?"

"Nauliza watafuturu nini."

Alitufundisha pia namna ya kuitambua lupu kwa macho kabla hata ya kuuliza. Kwenye kompyuta kuna hesabu ya vinavyotoka na hesabu ya vinavyoingia. Watu wawili wakiongea kweli hesabu hizo hazilingani, maana mmoja anaomba kidogo na mwingine anampa kingi, kisha wanabadilishana. Ukiziona zimelingana kabisa, zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, usifurahi. Niliyachukua maneno hayo kama ya kazi tu.

Ijumaa nikaenda Kisarawe. Nyumba yao iko pembeni ya mji, mihogo imepandwa mpaka karibu na ukuta. Alikuwa ameketishwa barazani kwenye kiti chenye mito, kofia kichwani, shati limepigwa pasi. Nilipoiona ile pasi nikalikumbuka tope la Ruvu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Shikamoo, Msimamizi," akasema.

Sauti ilikuwa yake. Ila mtu wa umri wake hamwamkii binti, na yeye, mtu wa heshima namna ile, asingekosea hilo hata usingizini. Nilimtazama mama. Alitazama pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba haijui tena."

Kijana wao mkubwa alikuwepo, mtu mnene, mpole, macho mekundu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. "Mimi ndiye ninayembeba, dada," aliniambia. "Nambeba mpaka kwenye bajaji, nambeba kumshusha. Akilia, analilia begani kwangu. Kama yumo, naapa nitambeba mpaka mgongo uvunjike. Lakini kama hayumo, tunamtesa ya nini?"

"Ya nini," alisema Msimamizi.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia nimetoka Kibaha. Akasema nimetoka Kibaha. Nikamwambia wenzake wanamsalimia; akasema wanamsalimia. Kila nilichotuma kilirudi, urefu ule ule, mpaka mkazo wa mwisho wa neno nilivyouweka mimi. Vinavyotoka na vinavyoingia vililingana kabisa. Nikajikaza, nikamuuliza swali lake.

"Msimamizi, leo mmepika nini?"

"Leo mmepika nini," akajibu.

Nikamuuliza tena. Nikabadilisha, nikamuuliza jana walipika nini, nikamtajia Zegereni, Ruvu, fundi wa Mlandizi, lupu, yote nikayamwaga pale kwa pupa, na yote yakanirudia. Kijana akainuka, akaegemea nguzo ya baraza, akatupa mgongo. Mama akasema anakwenda kuleta chakula, nikajua anakwenda kulia.

Na mimi machozi yalikuwa karibu. Hapo mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukasogea. Haukunishika, sitaki kuongeza chumvi, ulisogea tu juu ya mto. Lakini nikakumbuka ule mkono juu ya kibodi, nikaona aibu. Nilikuwa namjaza. Nikafunga mdomo.

Tukakaa kimya. Si kitu rahisi kwangu, na kwa kijana wake haikuwa rahisi pia. Mara mbili alitaka kusema neno nikamwashiria asiseme. Kuku walipita. Mtu alipita njiani akatoa salamu, nikampungia mkono tu. Nilikuwa nawaza kwamba faiba zetu huenda mbili mbili, moja ya kupeleka na moja ya kurudisha, na inaweza kukatika moja tu. Hapo mtu wa kule anakusikia kila neno, na njia ya kukujibu hana. Lakini kuwaza si kupima. Nisingeweza kumwambia mama maneno ya kuwaza.

Mama akarudi na sahani ya muhogo wa nazi, akaiweka kwenye stuli mbele ya mumewe. Nikamfanyia ishara naye anyamaze, akaketi mkekani. Msimamizi aliiangalia sahani. Akanyoosha mkono wa kushoto, polepole, akachukua kipande, akakipeleka mdomoni, akatafuna kidogo, akaacha. Akachukua kipande cha pili. Hicho hakukila. Alikishika kwa vidole, akakiminya, akakitazama.

"Mbichi," alisema.

Nikawageukia mama na kijana.

"Nani ametaja neno hilo hapa?" niliwauliza. "Tangu nimefika, kuna mtu yeyote ametamka mbichi?"

"Hakuna," alisema kijana. Alikuwa ametugeukia. "Hakuna, dada. Hatujasema."

Mama alinyoosha mkono, akachukua kipande kile kile kutoka kwenye vidole vya mumewe, akakitia mdomoni, akatafuna huku machozi yanamtiririka.

"Kweli ni mbichi," alisema. "Nilikuwa na haraka. Alhamdulillahi, jamani, ni mbichi!"

"Mama," nilimwambia, "yumo. Kinachokuja kinamfika. Kurudisha ndiko kumeharibika, na huko ndiko wanakohangaikia hospitali."

Kijana alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye goti la baba yake, akakaa hivyo hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alijifuta kwa kiganja, akasema atamwambia wa bajaji kesho aje mapema, kabla jua halijawa kali, mzee asichoke.

Nilingoja nisikie neno jingine. Halikuja. Nilipoinuka kuaga nilimwambia, "Tutaonana, Msimamizi."

"Tutaonana, Msimamizi," akajibu, sauti ile ile, urefu ule ule.

Nilijizuia mpaka nikafika barabarani, nikalia huko. Nyuma yangu nilimsikia mama akimuuliza mwanawe kama kuni bado zipo, maana muhogo huu, alisema, unarudi jikoni mpaka baba yako aridhike.